Gemu la Matofali: Sifa na Kasoro Zake

Wapo watu wazima wanaoamini kwamba gemu ni upuuzi wa watoto, na kwamba mtu mwenye akili zake hana sababu ya kuliandikia hata ukurasa mmoja. Mimi siafiki. Mchezo uliofika hadi huku kwetu Ufipa, ukachezwa sokoni Sumbawanga na watu wasiojua hata neno moja la lugha ya aliyeubuni, unastahili kupimwa kama tunavyopima riwaya au ngoma: unampa nini mchezaji, na unamnyima nini?

Nazungumzia Tetris, ambayo wengi wetu tuliifahamu kama gemu la matofali. Aliibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, na mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ikaisambaza pamoja na chombo chake cha mkononi, Game Boy. Chombo hicho sisi hatukukiona sana. Tulichokiona ni vile vya bei nafuu, vya betri ndogo mbili, vilivyojitapa kwa maandishi kwamba ndani yake mna michezo 9999. Kwa kweli michezo yenyewe ilikuwa michache, imerudiwarudiwa kwa kasi tofauti.

Vipande ni vya aina saba, kila kimoja kina miraba minne. Vinashuka kimoja kimoja ndani ya uwanja wenye upana wa miraba 10 na kimo cha 20. Mchezaji hukigeuza kipande na kukisogeza. Safu ikijaa bila pengo, inatoweka. Rundo likifika juu, mchezo umekwisha.

Sifa yake ya kwanza ni wepesi wa kueleweka. Mtoto asiyejua kusoma anaufahamu kwa dakika moja, na profesa hapewi nafasi ya upendeleo. Hauna damu wala bunduki. Tena unafundisha kutazama mbele: fundi mzuri wa gemu hafikirii kipande kilichopo tu, bali shimo ambalo kipande hicho kitaliacha nyuma yake.

Sifa ya pili ni jinsi unavyoipima tamaa. Katika toleo la Game Boy, kwa kasi ya mwanzo, safu moja inalipa alama 40, lakini safu nne zikijazwa kwa mpigo zinalipa 1,200. Ili kuzipata, mchezaji huacha nafasi wazi pembeni na kungoja kile kipande kirefu. Mkulima wa Rukwa hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ni sawa na kuweka mahindi ghalani ukingoja bei ipande, huku dumuzi wakiendelea na kazi yao. Anayeuza mapema mno hujuta, na anayengoja mno hujuta pia. Sijaona mchezo mwingine wa mkononi unaolisema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.

Sasa kasoro. Mchezo unaanza kama fumbo la akili na unaishia kuwa shindano la vidole. Kasi inaongezeka hadi mawazo hayana nafasi tena. Aliyepanga vizuri na aliyepanga ovyo wanaangushwa na jambo lile lile. Wanahisabati wameonyesha kwamba hata kasi isipoongezeka, upo mfuatano wa vipande viwili vilivyopinda ambao lazima umshinde mchezaji yeyote. Kwa hiyo hakuna kushinda. Kuna kuchelewa kushindwa tu. Katika bao, mshindi anajulikana, na aliyefungwa anaweza kuuliza alikosea kete ipi, akajibiwa na wazee waliokaa pembeni. Gemu la matofali halijibu.

Kasoro kubwa zaidi, kwangu, ni namna linavyoifanya kazi njema ipotee. Kwetu, kiangazi kikiingia watu hufyatua matofali, huyapanga tanuri, huyachoma, kisha nyumba husimama. Tofali lisiloenea, fundi hulikata. Safu iliyonyooka hubaki pale kumtetea fundi hata akiwa amekufa. Ndani ya gemu ni kinyume: safu iliyonyooka inafutwa, na kinachobaki machoni ni mashimo tu. Kijana anayekaa humo saa nyingi anajizoeza kuuona ulimwengu kama mrundikano wa makosa yake.

Hata hivyo, niliona dawa ya kasoro hiyo, nayo haikutoka kiwandani. Vijana wetu walikuwa na chombo kimoja kwa watu wanne. Mmoja alicheza, watatu walimwinamia begani, wakishauri, wakibishana, wakimsifu kwa safu ambazo kioo kilikwisha kuzifuta. Kumbukumbu ambayo gemu halina, wao waliibeba.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: ni mchezo bora kwa muda mfupi na mbele ya watu, kwa muda mrefu na upwekeni, unachosha roho. Leo karibu kila kijana ana simu yake, wala halazimiki kungoja zamu. Mzazi anayeuliza ampe mwanawe saa ngapi za gemu angeanza kwa kuuliza anacheza na nani.