Mkono wa Bajia za Kunde

Bajia ya kunde huharibikia usiku. Anayeinunua saa kumi jioni akaikuta ngumu humlaumu mkaangaji, au mafuta, au mkaa uliopoa, kumbe kosa lilitendeka jana yake baada ya Isha, pale mtu alipoona uvivu kuroweka kunde akasema, "Nitazimwagia maji ya moto asubuhi." Maji ya moto huanza kuzipika kabla hayajazilainisha, na kunde iliyoanza kuiva haiumuki tena, hata uipige mpaka bega life ganzi. Biashara nzima ya jioni inategemea bakuli la maji baridi na mtu wa kukumbuka kabla ya kulala.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya kaunta ndogo iliyofunguliwa Unguja mjini, upande wa Michenzani, si mbali na yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kaunta yenyewe ni ubao, makarai mawili, jiko la mkaa, ndoo ya kunawia na mabenchi mawili yasiyolingana urefu. Juu ya kipande cha boksi pameandikwa kwa wino mzito kwamba hapa hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maziwa. Chini yake zimeandikwa bei, na hizo ndizo zinazowajaza watu: wanafunzi wenye sare, mafundi, makuli, madereva wa bodaboda. Kuli anaweza kula bakuli la urojo na kachori mbili bila ya kugusa nauli ya kurudia nyumbani. Wageni nao wameanza kupaona, wale wasiokula kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, na hushangaa kwamba hawana la kumuuliza muuzaji.

Mwenye kaunta hana falsafa ya kuhubiri. "Nyama isiyouzika leo haingoji kesho," aliniambia huku akipepea mkaa. "Na friji sina. Kunde zinangoja." Sijasikia hoja fupi kuliko hiyo katika mazungumzo yote marefu ya siku hizi kuhusu nani ale nini.

Lakini anayenifanya nirudi ni msichana anayemsaidia. Asubuhi, kabla ubao haujatolewa nje, yeye huketi kwenye kibao na beseni la kunde zilizolala majini. Huzifikicha kati ya viganja viwili, kwa kuzisugua bila ya kuziponda, na maganda huachia yakaelea. Humwaga, hutia maji mengine, hufikicha tena. Maji hubadilika mara kadhaa mpaka yabaki meupe, na kila mara hubakia kunde chache zenye ukaidi, zilizoshikilia ganda na lile jicho lao jeusi. Hizo huzitoa moja moja kwa kucha. Kwa ladha hazidhuru kitu. Nilimwambia hivyo. Akajibu bila ya kuinua uso, "Mteja anaona, mzee."

Kisha jiwe. Hapa wengi wataniona mtu wa kale, na nawaomba wanivumilie kidogo, maana si mapenzi ya kale yanayonisemesha. Mashine ya umeme haizunguki bila ya maji, na kunde zilizosagwa kwa maji hutoka rojo linalotiririka. Rojo likitiririka, itabidi utie unga wa ngano ili lishikane. Ukitia unga, bajia inakuwa nzito, na ili iinuke utatia bekingi pauda. Ukitia bekingi pauda, harufu ya kunde inakimbia, na ili mteja asigundue utazidisha pilipili. Hatua moja ya kukwepa kazi huzaa hatua tatu za kuifunika, na mwisho mteja anakula mkate mdogo wa ngano uliowahi kupita karibu na kunde. Jiwe halihitaji maji. Msichana husaga kidogo kidogo, chengachenga, na kinachotoka husimama chenyewe kwenye kiganja.

Kupiga ndiko kwenyewe hasa. Beseni huwa mapajani, mkono umekunjwa kama upawa, hushuka mpaka chini na kupanda na unga wake, daima upande mmoja. Mwanzo sauti ni ya kofi. Baadaye kofi hupotea, ukasikia kitu kinachovuta pumzi. Rangi nayo hugeuka, kutoka ukijivu wa udongo mpaka weupe wa samli iliyoganda. Hapo huchota tone kwa ncha ya kidole akalidondosha kwenye kikombe cha maji. Likizama, anaendelea. Likielea, anaweka beseni chini, na ndipo sasa hutia chumvi, kitunguu, pilipili mbichi na kotmiri, tena haraka haraka, kwa sababu chumvi na kitunguu hutoa maji na kazi yote ya saa nzima inaweza kuporomoka ukiwa unatafuta kisu. Hakuna kipimo kilichoandikwa popote. Kuna kikombe cha maji na tone.

Utotoni kwetu Ng'ambo, mwenye mkono huu alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa pili, aliyeuza mbaazi za nazi asubuhi na bajia jioni. Tulitumwa na bakuli la bati na sarafu iliyofungwa kwenye pembe ya kanga ya mama. "Shikamoo bibi." "Marahaba, wangapi nyumbani leo?" Hakuuliza unataka za shilingi ngapi. Aliuliza idadi ya vinywa, akatazama sarafu, kisha akajua yeye mwenyewe jinsi ya kuzipatanisha hesabu hizo mbili, na mara nyingi sarafu ndiyo iliyoshindwa. Mbaazi zake zilichemka usiku kwa moto wa vifuu, zikatiwa tui jepesi kwanza, na tui zito mwishoni kabisa, likiwa limechujwa kwenye kifumbu mpaka machicha yakabaki makavu. Ukichelewa, ulikuta sufuria imefunikwa kifudifudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya duka kufungwa.

Bajia zake zilifungwa kwa karatasi za madaftari ya shule. Mafuta yaliipenya karatasi mpaka wino wa upande wa pili ukasomeka, nasi tulisoma huku tukila: hesabu za kugawanya, insha za siku ya mapumziko, ramani za bara la Afrika zilizochorwa na mtu asiyejua Madagaska iko wapi. Mara moja tulikuta daftari la mtoto tuliyemfahamu, tukazijua alama zake kabla ya babake. Karatasi za namna hiyo zimekwisha, na sidai zirudi. Wino haukuwa chakula. Lakini sijui siku hizi watoto wanasoma nini wakila.

Vyakula hivi havina nasaba moja, na ndiyo sababu nacheka nikisikia watu wakigombania mwenyewe ni nani. Kunde ni ya Afrika tangu asili. Muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa barani na Wareno. Kachori yetu, ile mbatata iliyopondwa na ndimu na manjano ikavishwa unga wa dengu, ina ndugu zake Gujarati, na iliingia mjini pamoja na Wahindu waliofungua maduka huku wakiwa hawali nyama kwa dini yao. Hekalu lao lingalipo Hurumzi. Wamanga walikuwa na nyama zao. Wenyeji walikuwa na samaki, na bahari ikikataa, walikuwa na mashelisheli, ndizi mbichi na majani, vyote katika tui. Urojo umevikusanya: rojo la unga na embe mbichi au ndimu, mbatata, kachori, bajia, vipande vya muhogo mkavu, chatne ya nazi juu. Mishkaki na yai vimeufuata baadaye na vimekaa kama wenyeji, lakini viondoe uone kama bakuli litalalamika.

Tena kuna miaka ambayo chakula hiki hakikuwa hiari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, sukari na unga vilipogawiwa kwa kipimo na foleni zikawa sehemu ya siku, waliojua kupika muhogo kwa namna saba waliwalea wenzao. Nadhani hapo ndipo palipoingia doa ambalo hatujalisafisha. Kizazi kilicholishwa muhogo kwa lazima kiliapa kwamba watoto wake wasiujue, na watoto walipopata kazi, kitu cha kwanza walichonunua kuonyesha kwamba mambo yamefunguka ni nyama. Leo ukimwalika mtu kwako ukampa mbaazi, atakula, atashukuru, kisha atakwenda kuuliza kwa jirani kama hali yako ni nzuri.

Ajabu ni kwamba chakula kile kile, kikivuka barabara na kuingia hotelini, kinapewa sahani nyeupe, jani la mnanaa na bei ya siku mbili za kibarua, kwa sababu tu hakina nyama. Tumefika mahali ambapo kutokula nyama ni aibu ya fukara na ni starehe ya mgeni. Katikati yake hapana kitu, isipokuwa kaunta kama ile ya Michenzani.

Na ile kaunta haisimami kwa urahisi. Watu hudhani kilicho rahisi kwa mlaji kimekuwa rahisi kwa mpikaji. Mwaka 2022 Indonesia iliposimamisha kwa wiki kadhaa usafirishaji wa mafuta ya mawese, bei zilizokwisha kupanda zilipanda tena, na wakaangaji wengi waliacha kumwaga mafuta ya jana. Wamezoea, bado hawamwagi. Ndiyo zile bajia zenye rangi ya kahawa iliyoungua na kikohozi baada yake. Nazi nayo inapungua, minazi mikongwe inakatwa mbao na viwanja vinageuka nyumba, na chatne iliyokuwa nyeupe sasa huonekana na unga ndani yake. Hata mbaazi zina siasa zake. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ilianguka kule Lindi na Mtwara, na wakulima wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Tulikuwa tukizilima kwa ajili ya sufuria za watu wengine kwa muda mrefu kiasi kwamba sufuria zetu wenyewe hazikutujia akilini haraka.

Mambo hayo yote, hata hivyo, mtu mwerevu huyazunguka. Mafuta yakipanda, bajia hupunguzwa ukubwa. Nazi ikiadimika, chatne huwa ya ukwaju. Kinachokosa mbadala ni ule mkono mapajani na subira ya kukitazama kikombe cha maji. Wale waliokuwa nao waliupata kwa kukaa karibu na mama au bibi jikoni bila ya kuambiwa kwamba wanafundishwa. Sasa watoto wamo shuleni, na waende. Nyumba nyingi zimo ghorofani, ambako ukitwanga kinu jirani wa chini hupanda kugonga mlango. Na jiwe la kusagia, nimeliona kwa macho yangu, linazuia lango lisijifunge kwa upepo. Hatujamfukuza mtu. Tumeacha tu kuwaita watu wakae jikoni.

Nilimuuliza mwenye kaunta kwa nini asipige kunde yeye mwenyewe. Alinionyesha kifundo cha mkono kilichovimba. Alizipiga miaka mingi kabla ya kupata ubao wake mwenyewe, kwa kutembeza sinia, na sasa mkono unampa saa ya kachori tu, maana kachori husamehe. Ndiyo maana alimtafuta msichana huyu, mjukuu wa mkaangaji wa zamani huko shamba, na anamlipa kwa siku anachoweza. Wateja wengine wameanza kumshauri aongeze mishkaki, wanasema itamtoa. Huwajibu kwa kucheka. Nimeona kicheko kinapungua.

Msichana ameshapata kazi Nungwi, hotelini, kutandika vitanda. Mshahara ni wa mwezi, kuna sare na usafiri, na ndugu yake yuko huko huko. Nani atamwambia asiende? Mimi sikumwambia. Nilimpa hongera, na hongera ilinitoka kwa taabu. Ataondoka mwisho wa mwezi, na huko Nungwi hakuna atakayemuuliza kama anajua kupiga kunde, kwa kuwa bajia za kifungua kinywa cha wageni hutengenezwa kwa unga wa pakiti. Mwenye kaunta ameanza kutafuta mwingine. Wamekuja wawili mpaka sasa, wote wasichana wa heshima na wenye kupenda kazi, na wote wawili, walipoonyeshwa beseni, waliuliza mashine iko wapi.