Waliofumua Nzi wa Mwenzao

Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika mji mdogo wa Roscoe kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York, kijana aitwaye Walt Dette alimwendea Rube Cross, fundi wa nzi bandia aliyekwisha kujijengea jina. Alitaka kufundishwa kazi, na alikuwa tayari kulipa. Cross akakataa katakata. Dette hakubembeleza. Alinunua nzi wa Cross kama mteja mwingine yeyote, akawapeleka nyumbani, na yeye na mkewe Winnie wakawafumua mmoja baada ya mwingine huku wakiandika kila kilichotoka na mahali kilipotoka. Biashara ya familia yao inahesabu umri wake kuanzia 1928, na leo inaendeshwa na kitukuu wao katika mji jirani wa Livingston Manor.

Wavuvi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha mwanafunzi mjanja. Kwangu kinavutia zaidi kama jambo la ufundi, maana kuna mambo nzi aliyefumuliwa anakuambia na mengine hakuambii ng'o. Hayo ya pili ndiyo yanayomtenga anayefunga nzi kujifurahisha na anayekula kwa kazi hiyo. Mfungaji wa biashara haishi kwa sababu amefunga nzi mmoja mzuri. Anaishi kwa sababu nzi wake wa sitini hana tofauti na wa kwanza, na kwa sababu anajua manyoya ya mwakani yatatoka wapi.

Kwa asiyeujua uvuvi huu wa nzi bandia: mvuvi wa kawaida hurusha chambo kizito, nacho kikavuta mshipi. Hapa mambo ni kinyume. Mshipi ndio wenye uzito, na chambo ni ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na uzi, nyepesi kiasi kwamba ukiirusha peke yake haifiki popote. Samaki anayetafutwa ni trauti, anayekaa kwenye mito ya baridi na kula wadudu wanaokulia chini ya maji kisha wakapanda juu kuota mabawa. Nzi mkavu, yaani yule anayetakiwa kuelea, humwigiza mdudu huyo katika muda mfupi anaposimama juu ya maji kabla ya kuruka. Kinachomsimamisha ni unyoya wa shingo ya jogoo uliozungushwa kwenye ndoana mpaka vinyuzi vyake vikasimama pande zote na kuegemea ngozi ya maji bila kuitoboa.

Sasa mfumue huyo nzi. Kilichofungwa mwisho hutoka kwanza: fundo la kichwani na vanishi yake, kisha unyoya wa jogoo, ambao unaihesabu mizunguko yake, mingapi mbele ya mabawa na mingapi nyuma. Halafu manyoya laini ya mwilini yaliyosokotwa juu ya uzi. Halafu mkia. Na mwisho kabisa, jambo ambalo macho peke yake yasingekuonyesha: mabawa. Mtu akimtazama nzi aliyekamilika atadhani mabawa yaliongezwa baadaye kama pambo, kumbe kwa mtindo wa Catskill ndiyo yanayofungwa mwanzo, wakati ndoana bado tupu, kwa kuwa ndiyo yanayopanga nafasi ya vitu vingine vyote. Ukikosea hapo, hakuna kinachorekebishika mbele.

Hivyo mfumuaji anapata mpangilio, vifaa na vipimo. Hapati mkazo. Uzi ukishatolewa haukumbuki ulivutwa kwa nguvu kiasi gani, na mkazo ndio kila kitu: ukizidi uzi unakatika au mabawa yanajikunja, ukipungua nzi anazunguka kwenye ndoana baada ya samaki wa pili. Akina Dette walilazimika kuupata mkazo kwa vidole vyao wenyewe. Kitu kingine wasichokipata humo ni jogoo. Unyoya ule wa kijivu chenye ubuluu ulitoka kwa kuku gani, na wangempata wapi mwingine kama yeye?

Nitafika kwa jogoo. Kwanza tumtazame nzi mmoja kwa karibu, tuone vipimo vinavyofanya kazi.

Nzi aitwaye Hendrickson alibuniwa mwaka 1916 na Roy Steenrod, mwanafunzi wa Theodore Gordon, mtu anayehesabiwa kuwa baba wa nzi mkavu wa Marekani. Jina lilitoka kwa A. E. Hendrickson, mvuvi aliyekuwa rafiki yake Steenrod. Chukua ndoana namba 12, ambayo ni kubwa kuliko namba 14, kwa kuwa katika hesabu hii namba ikipanda ndoana inapungua. Ibane kwenye jiliwa. Kata kifungu cha vinyuzi vya unyoya wa ubavuni mwa bata wa miti, wenye rangi ya limau na mistari myembamba. Kipime: urefu wake ulingane na shina la ndoana. Kifunge nyuma kidogo ya jicho la ndoana, kisimamishe, kigawe mara mbili kwa kupitisha uzi katikati kwa umbo la nane, na hapo una mabawa. Mkia ni vinyuzi vichache vigumu vya jogoo, navyo virefu sawa na shina. Mwili ni manyoya ya tumbo la mbweha, yenye rangi kati ya krimu na waridi, nao uwe mwembamba. Mwili mnene hunywa maji. Mwisho unyoya wa jogoo, ambao vinyuzi vyake viwe na urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa mdomo wa ndoana. Mbele, kati ya unyoya na jicho, wafungaji wa Catskill huacha kipande cha ndoana kikiwa wazi, shingo tupu, ambayo hadi leo humtambulisha nzi wa ukoo huo.

Si kazi ya ajabu. Mtu mwenye vidole vitulivu anaweza kumfunga nzi wa kuvutia baada ya wiki chache. Mfungaji wa biashara, kwa upande wake, hufanya kitu kingine kabla hata ya kugusa uzi: anachambua manyoya ya dazeni nzima. Anapinda kila unyoya kando ya ndoana, anautazama ukijichanua, anaupima na mdomo wa ndoana, anauweka kwenye fungu lake. Mabawa ya nzi kumi na wawili yanakatwa kwa mkupuo. Ndoana kumi na mbili zinahesabiwa na kuwekwa pembeni. Baada ya hapo mikono haisimami kufikiri. Ninaamini nusu ya ubora wa dazeni huamuliwa katika kuchambua huku, na ndiyo hatua ambayo wanaoanza biashara huiruka, kisha wakashangaa mteja akilalamika kwamba nzi wa nne anaelea na wa tano anazama kwa kichwa.

Na sasa jogoo. Unyoya unaofaa nzi mkavu una vinyuzi vigumu, vya kung'aa, visivyo na utando laini karibu na kikonyo, kwani utando huo hunyonya maji. Kuku wa kawaida, anayechinjwa akiwa kijana kwa ajili ya nyama, hana unyoya huo. Rangi nayo ni mtihani wake. Kijivu chenye ubuluu ambacho Gordon alikipenda, na ambacho Hendrickson hawezi kukikosa, hakizai sawasawa. Ukipandisha kuku wawili wa rangi hiyo, kwa wastani nusu ya vifaranga watakuwa na rangi ya wazazi, robo watatoka weusi, na robo weupe wenye madoa. Tena nusu ya hao wa rangi sahihi ni matetea, ambao shingo zao hazifai kwa nzi mkavu. Piga hesabu: katika vifaranga wanane, wawili tu ndio majogoo wa rangi unayoitaka, na bado hujajua kama unyoya wao utakuwa mgumu.

Harry Darbee alilielewa hili mapema. Yeye alishirikiana na akina Dette kwa muda mfupi katika miaka ya 1930, kisha akaanzisha biashara yake na mkewe Elsie, ambaye naye alikuwa amefanya kazi kwa akina Dette. Darbee alifuga kuku nyuma ya nyumba akichagua wale wa unyoya, kizazi baada ya kizazi, mpaka majogoo wake wakawa na sifa yao wenyewe. Miaka ya 1950 alimpa mfugaji wa Minnesota, Andy Miner, mayai ya kuatamiwa. Kuku wa Miner wakamfikia Buck Metz wa Pennsylvania, aliyewafuga kibiashara kwa wingi. Huko Oregon, Henry Hoffman alikuwa akifuga ukoo mwingine, wa mistari ya kijivu na nyeupe, na mwaka 1989 ukoo huo ukachukuliwa na Tom Whiting, mwanasayansi wa kuku, ambaye shamba lake liko Colorado. Leo unyoya mmoja wa mgongoni kutoka kwa kuku wa aina hiyo unatosha nzi kadhaa, wakati zamani nzi mmoja aliweza kula manyoya mawili.

Faida hiyo ina bei yake, nayo ilionekana mwaka 2011. Mtindo wa kusuka manyoya marefu ya jogoo kwenye nywele ulilipuka Marekani, saluni zikavamia maduka ya wavuvi, na manyoya yenye mistari yakaadimika huku bei ikipaa. Jogoo hafugwi kwa wiki. Anahitaji karibu mwaka mzima mpaka unyoya ukomae. Wafungaji wadogo waliokuwa wakinunua kifurushi kwa kifurushi waliachwa mikono mitupu. Waliokuwa na akiba kabatini waliendelea na kazi.

Kuhusu fedha sitakaa sana, maana hesabu ni fupi na haifurahishi. Nzi mkavu mzuri huuzwa madukani Marekani kwa takriban dola tatu. Anayetumia dakika 10 kwa kila nzi anafunga sita kwa saa, yaani dola 18. Duka likichukua nusu zinabaki tisa, na hapo hujatoa ndoana, manyoya, vanishi na nauli ya posta. Kuna pia kodi ya asilimia 10 ambayo serikali ya Marekani humtoza mtengenezaji au mwagizaji wa zana za uvuvi wa burudani, nzi bandia wakiwemo. Fedha zake huenda kwenye utunzaji wa samaki, kwa utaratibu ulioanzishwa na sheria ya 1950. Wengi wanaouza dazeni mbili tatu kwa marafiki hawajui kwamba inawahusu. Ndiyo maana mfungaji anayetaka kuishi kwa kazi hii huuza moja kwa moja kwa mvuvi, na huuza mtindo ambao kiwanda hakiwezi kuufunga kwa bei rahisi.

Kiwanda chenyewe, mara nyingi, kiko kwetu. Trauti waliletwa Kenya mwaka 1905, wakati Ewart Grogan alipopandikiza samaki kutoka Loch Leven, Uskoti, katika mto Gura kwenye safu ya Nyandarua. Wavuvi wa kilowezi walihitaji nzi, na kazi ya kuwafunga ikashika mizizi. Sasa karakana za Kenya zinafunga kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza, ina kiwanda chake nchini. Mfungaji wa Kenya hupewa sampuli na kutakiwa kuirudia bila kuikosea, dazeni baada ya dazeni. Ule mtihani wa Roscoe ameufaulu siku nyingi. Asichokuwa nacho ni vitu viwili: jina kwenye pakiti, na jogoo. Ubunifu unatoka nje, na unyoya bora wa nzi mkavu, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye mashamba ya Marekani.

Wapo wanaosema dawa ni kufuga majogoo wa aina hiyo Kiambu au Nyeri. Sikubaliani nao. Wenzetu wametutangulia kwa vizazi vingi vya kuku, na tofauti hiyo hainunuliki kwa banda jipya. Pa kuanzia ni nzi wa kuzama, ambaye unyoya wake hutakiwa kuwa laini ili utikisike ndani ya maji. Huko jogoo wa kienyeji hana kasoro. Kanga wa kufuga ana unyoya mweusi wenye vidoti vyeupe ambao wafungaji wa nzi wa kuzama na wa samoni wamekuwa wakiutumia kwa miguu na ndevu za nzi wao kwa muda mrefu. Kanga huyo yuko Kitui na Machakos, akiliwa nyama na manyoya yakitupwa. Mfungaji wetu ayaoshe manyoya hayo, aue wadudu wake, ayapange kwa ukubwa, aulize mapema nchi ya mteja inataka cheti gani cha mifugo, kisha afunge mitindo mitatu tu na kuiuza kwa jina lake mwenyewe, akianza na wavuvi wanaokuja kwenye mito ya Gura, Thego na Sagana na kuondoka na nzi kutoka mkononi mwake.