Bomba la Baridi Linapotoa Maji ya Moto

Mwanamke aliyetoka Machakos au Mbale kwenda kufanya kazi za ndani Riyadh hukutana na jambo hili katika Julai yake ya kwanza. Saa 8 mchana anafungua bomba la maji baridi aoshe mchele, na yanayotoka yanamfanya aurudishe mkono. Bomba halijaharibika. Tangi la nyumba liko juu ya paa, jua limelipiga tangu asubuhi, na mabomba yanayoshuka ukutani yameokwa pamoja nalo. Wenyeji wana dawa yake: joto likianza, huzima umeme wa hita ya bafuni. Hita iko ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, na maji yaliyolala humo usiku kucha hupoa. Tangu siku hiyo hadi majira yageuke, bomba lenye alama nyekundu ndilo la baridi, na la buluu ndilo la moto.

Akili iliyomo katika hita hiyo ndiyo inayoendesha siku nzima ya jiko na bustani huko Saudia. Kazi huhamishwa saa, na maji huwekwa mahali jua lisipoyafikia. Ila mbinu inayomwokoa mtu Riyadh yaweza kumtesa Jeddah, na sababu yake inastahili kuelezwa polepole.

Riyadh iko katikati ya jangwa, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri ya Julai kipimajoto husoma nyuzi 43 au zaidi, na hewa ni kavu mno, unyevu ukiwa karibu asilimia 10. Jeddah iko kando ya Bahari ya Shamu, ambayo yenyewe wakati huo hupita nyuzi 30. Siku ya kawaida pale ni nyuzi 37 hadi 39, ingawa mji huo huo ulifika nyuzi 52 tarehe 22 Juni 2010. Anayesoma tarakimu peke yake atasema heri Jeddah. Sasa mtu afunge kitambaa kilicholowa kwenye kipimajoto na kukipepea. Riyadh, kwa nyuzi 43 na unyevu wa asilimia 10, kipimajoto hicho kitashuka hadi nyuzi 20 na ushei. Jeddah, kwa nyuzi 37 na unyevu wa asilimia 60, kitagota kwenye 30. Mji wenye moto mkali zaidi ndio wenye baridi zaidi kwa kitu chenye maji.

Hapo ndipo fundi wa Riyadh anaposhika. Jikoni, nyumba nyingi hutumia kipoza hewa wanachokiita kwa Kiarabu mukayyif sahrawi, yaani cha jangwani: sanduku lenye feni linalovuta hewa ya nje kupitia pedi zilizolowa. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la karibu kilojuli 2,400, na hewa iliyoingia na nyuzi 43 hutoka na 26 hivi. Tena hewa hiyo haizunguki mle mle. Inasukuma moshi na harufu ya vitunguu nje ya dirisha. Ni kanuni ile ile ya mtungi wa udongo uliokaa kivulini Lamu au Pangani. Mashine hiyo hiyo ikipelekwa Jeddah hupuliza ukungu wa joto tu, na mpishi hujikuta kama yumo ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Mwili nao hudanganywa kwa namna mbili. Riyadh jasho hukauka kabla halijaonekana. Nguo ni kavu, mtu hajihisi kuwa ametoka jasho, kumbe amepoteza maji mengi. Jeddah nguo hulowa chapachapa, na bado mwili haupoi, kwa kuwa jasho linalodondoka chini haliondoi joto. Linaloondoa ni lile linalokauka juu ya ngozi. Kwa hiyo wa Riyadh anywe kwa saa bila kungoja kiu. Wa Jeddah akae mbele ya feni au kiyoyozi, maana maji peke yake hayatamsaidia. Mchanganyiko wa nyumbani wa kurudisha maji na chumvi mwilini unajulikana sana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Sasa jiko lenyewe. Chukua Ijumaa, siku ambayo jamaa hukusanyika baada ya sala na sinia la kabsa huwekwa katikati. Kabsa ni ndugu wa pilau, na mpishi wa pwani ataifahamu kwa pua kabla ya macho: vitunguu kwenye samli, hiliki, mdalasini, karafuu, nyanya, nyama ichemke, kisha mchele wa basmati ulioroweshwa nusu saa uivie ndani ya supu ile ile. Kinachoitofautisha ni ndimu kavu, lumi, nyeusi na nyepesi kama gome, ambayo hutobolewa na kutumbukizwa nzima ili itoe uchachu wenye harufu ya moshi.

Ukiitazama kwa jicho la joto, kabsa ina kazi ya saa 3, na sehemu inayotesa ni kuchemsha nyama. Mchele unahitaji chini ya nusu saa tu. Mpishi mzoefu huzitenga. Mwanzoni mwa Julai jua la Riyadh huchomoza kama saa 11 na dakika 10 alfajiri, na sala ya alfajiri huitangulia kwa saa moja unusu. Huo ndio wakati ambao nje kuna nyuzi 28 au 29, na ndipo nyama inapokwenda motoni. Sufuria ya presha hupunguza saa 2 na zaidi za mbuzi zikawa dakika 40 hivi. Faida yake kubwa kwa Jeddah haihusu muda. Sufuria iliyo wazi ikichemka kwa nguvu saa nzima huweza kumwaga lita nzima ya maji kama mvuke ndani ya chumba, na mvuke huo kiyoyozi hulazimika kuugeuza maji tena, kikilipa joto lile lile. Kifuniko kilichobana huzuia hasara hiyo kabla haijaanza.

Kosa linalotokea zaidi huja baada ya hapo. Nyama imeiva saa 1 asubuhi, chakula ni saa 7 mchana. Nyumbani Mombasa mtu angeiketisha sufuria kwenye beseni la maji ya bomba ipoe. Riyadh maji ya bomba hayo tumeshayaona. Supu ikiachwa juu ya meza katika jiko la nyuzi 35, itakaa kwa saa nyingi kati ya nyuzi 60 na 5, na humo ndimo bakteria huzaana. Njia iliyo sahihi ni kuigawa supu katika trei pana zenye kina kidogo, barafu chini yake, kisha friji. Au kuiacha motoni ikifukuta kwa moto mdogo hadi adhuhuri, jambo linalorudisha joto jikoni. Trei zinashinda. Na wali uliobaki usingoje alasiri. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na hewa inapozidi nyuzi 32 ushauri wa afya ni kutoacha chakula kilichopikwa nje ya friji zaidi ya saa 1. Kiporo cha asubuhi kwa chai kinawezekana, ila kiwe kimelala kwenye baridi na kipashwe hadi kitoe moshi.

Mandi, chakula kilichotoka Hadhramaut na kuenea Jeddah kama kilivyoenea Mombasa, kinatatua tatizo la joto la jikoni tangu zamani. Shimo huchimbwa, makaa huwekwa chini, wali juu ya makaa, nyama huning'inizwa juu ya wali mafuta yaudondokee, kisha mdomo wa shimo huzibwa kwa udongo. Moto wote umo ardhini, na mpishi yuko huru kuondoka. Nyumbani kusiko na shimo, watu hufukiza: kipande cha kaa jekundu ndani ya kikombe kidogo katikati ya wali, tone la mafuta juu yake, kifuniko dakika chache. Aliyezoea kupalia makaa juu ya sufuria hatahitaji kufundishwa mara mbili.

Bustani ina hesabu yake, na ni ya kutisha. Nyasi zinazomwagiliwa vizuri Riyadh katikati ya Julai hupoteza karibu lita 10 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku moja. Mvua ya mji huo kwa mwaka mzima ni kama milimita 100. Maana yake, nyasi hizo hunywa mvua ya mwaka kwa siku 10, na maji yanayozinywesha yamesafishwa kutoka baharini na kusukumwa zaidi ya kilomita 400 kupanda jangwa. Ndiyo sababu mkulima wa nyumbani mwenye busara huacha nyasi, akapanda bamia, mlenda wanaouita mulukhiyah, kunde na rehani, mimea isiyoogopa jua. Nyanya haifai mwezi huo. Mti wake utaishi na kutoa maua, lakini mchana ukipita nyuzi 35 na usiku usipopoa, chavua hufa na maua hupukutika bila tunda. Miche ya nyanya hungoja Septemba.

Maji hutolewa kwa matone kwenye shina, chini ya matandazo ya makuti ya mtende. Yanatolewa mengi na kwa nafasi, kuliko kidogo kidogo kila saa, kwa sababu maji yanayolowesha juu tu hukauka na kuacha chumvi pale pale kwenye mizizi. Maji mengi huishusha chumvi chini.

Jeddah maji hupatikana mahali pasipotazamiwa. Kiyoyozi kinachokamua hewa yenye unyevu hutoa matone mchana na usiku, na wapo wanaoweka ndoo chini ya kibomba chake. Si ya kunywa, lakini hayana chumvi, na kwa udongo wa pwani hiyo ni neema. Riyadh ndoo hiyo hiyo ingebaki karibu tupu. Mji wa Jeddah una historia ndefu na maji ya namna hii: mwaka 1907, enzi ya Waturuki, iliwekwa mashine ya kuvukiza maji ya bahari, na watu wakaiita kindasa. Kabla ya maji ya Wadi Fatima kuletwa kwa mabomba mwaka 1947, kupanda mti mjini humo kulikuwa anasa. Mbele ya nyumba ya mfanyabiashara Nasseef, iliyojengwa kati ya 1872 na 1881 katika mji mkongwe wa al-Balad, umesimama mti uliofanya jengo zima liitwe nyumba yenye mti, kwa kuwa hadi miaka ya 1920 mji wa ndani haukuwa na mwingine. Mti huo ni mwarobaini. Aliyekulia Tanga au Kilifi angeupita bila kugeuka.

Riyadh nayo inarudi kwenye miti ya namna hiyo. Mradi wa Riyadh ya Kijani, uliotangazwa Machi 2019, unalenga miti milioni 7.5, na umetegemea maji taka yaliyosafishwa, kutoka mita za ujazo 90,000 kwa siku hadi zaidi ya milioni 1. Mmoja wa miti inayopandwa ni sidr, mkunazi wetu, unaovumilia ukame na kutoa kivuli kizito. Lengo lililotajwa ni kushusha joto la mji kwa nyuzi 1.5 hadi 2, na si dogo kwa anayefanya kazi nje.

Anayefanya kazi nje ana sheria pia. Kila mwaka, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani katika sekta binafsi hukatazwa kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Ni kanuni nzuri, na imepimwa kwa jua. Jiko haliko juani. Majumba mengi yana jiko la pili uani, lililojengwa ili harufu na joto visiingie sebuleni, na mara nyingi halina kiyoyozi. Wafanyakazi wa nyumbani wametengwa na Sheria ya Kazi kwa kifungu chake cha 7 na wana kanuni zao. Hivyo saa 7 mchana, wakati mjenzi amelala kivulini kwa amri ya serikali, dada wa Kikenya au Kiganda anaweza kuwa amesimama mbele ya majiko manne ya gesi, na hakuna kipimajoto ukutani. Jeddah, jiko la nyuzi 38 lililojaa mvuke ni hatari zaidi kwa mwili kuliko joto la Riyadh kivulini. Familia inayohamishia nyama alfajiri imemwondolea saa 2 za hatari bila kugharimika hata riyali.

Magharibi ikishaingia, mpira wa kumwagilia hauelekezwi kwenye mimea mara moja. Maji yaliyolala ndani yake yangeunguza majani, kwa hiyo lita za kwanza huishia kwenye ndoo. Ndoo husukumwa ukutani, upande wa kaskazini. Ikifika alfajiri imeshapoa, na nanaa ndiyo ya kwanza kunyweshwa.