Nyama ya Mbegha

Sisi wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza tulipanda Lushoto na dada mmoja wa uzamili aliyetuongoza kutafiti Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi (toleo la 1962). Dada alimwona Mbegha kuwa shujaa: kagawa nyama, kaua simba, katawazwa Vugha. Mimi nikabisha. Mwandishi alimtumikia Semboja, mtawala Mkilindi. Je, Washambaa waliopokea nyama ile wanasemea wapi? Dada hakunikemea. "Haya, andika," alisema, "lakini nioneshe ni ukurasa gani." Nilirudi kitabuni usiku kucha. Ndugu msomaji, Mbegha aligawa nyama akapata raia. Kiongozi wa utafiti agawe maswali, apate wabishi.