Kilwa kwenye simu, tofali mbichi Lizaboni

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu hili. Kama bando linatosha, fungua tovuti ya Zamani Project, tafuta Kilwa Kisiwani, kisha izungushe Husuni Kubwa kwa kidole. Jumba la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane, linageuka mkononi kama embe unalolikagua sokoni. Mimi nililitazama nimekaa kibarazani hapa Lizaboni, na nakiri chai ilipoa.

Mradi huu ulianzishwa na Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2004. Wamepima majengo ya kale sehemu nyingi za Afrika: kwetu Kilwa na Songo Mnara, Ethiopia Lalibela, Mali msikiti wa Djenné. Kifaa chao kinarusha mwanga wa leza ukutani, na kimsingi kinapima muda wa mwanga huo kwenda na kurudi. Ukuta ukiwa mita 15 mbele, safari nzima inachukua sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Rudia hivyo mara mamilioni, unapata wingu la nukta lenye umbo la jengo. Ukirudi miaka kadhaa baadaye ukapima tena, unalinganisha mawingu mawili na kuona ukuta umeegemea wapi, hata kama jicho la fundi halijashtuka. Hapo nawavulia kofia.

Sasa lawama. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini hilo dogo, linatafsirika. Kubwa ni kwamba leza inajua ukuta uko wapi, haijui ulijengwaje. Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni kisha yakazimuliwa kwa maji. Leo fundi akiziba ufa kwa saruji, unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea, na kinachomeguka ni jiwe la zamani, siyo kiraka. Kwenye wingu la nukta, kiraka cha chokaa na cha saruji vinaweza kuonekana kitu kimoja kabisa.

Djenné ndiyo inanifikirisha zaidi. Msikiti ule ni wa udongo, na wenyeji huusiriba upya kila mwaka. Kwa hiyo uso uliopimwa ni wa mwaka gani? Mwakani kuta zile zile zina sura nyingine, na msikiti ni ule ule. Kinachouhifadhi ni mikono ya watu na ratiba yao. Vipimo vya leza haviioni ratiba hiyo.

Nikajaribu mwenyewe. Jirani yetu, bibi wa makamo ya nyanya yangu, anaishi kwenye nyumba ya tofali mbichi. Nilipiga picha 180 kwa simu nikiizunguka, nikaziingiza kwenye programu inayounganisha picha kuwa umbo. Kuta zilitoka safi. Paa likatoka na matundu, kwa sababu bati linang'aa na programu inakosa alama za kufananisha. Nikampelekea kwa furaha. Akatazama, akasema, "Sasa mjukuu wangu, hii ndiyo itanisiribia ukuta mvua zikianza?"

Tukacheka wote, lakini nilishikwa. Akanionyesha chini ya ukuta, pale matone yanaporuka kutoka ardhini na kuula udongo. Akaeleza kwa nini anataka udongo wa kichuguu, unachanganywaje, unaachwa siku ngapi. Nikawasha kinasa sauti. Ile sauti ina manufaa kuliko picha zangu zote 180, na haikuwa kwenye mpango wangu wa utafiti.

Ningependa maabara za vyuo vyetu zianzie hapo: sauti ya fundi kwanza, leza baadaye. Dar es Salaam wapo DARCH, kituo cha urithi wa majengo kilichomo Boma la Kale, ambacho Chuo Kikuu Ardhi ni mshirika wake. Hao angalau wanaushughulikia mji pamoja na wanaouishi. Lakini hiyo ni Dar, na Songea nyumba za tofali mbichi hazina mgeni anayekuja kuzitazama, kwa hiyo hazina anayekuja kuzipima.

Juzi nimepita kwa bibi. Mwanawe ameshashusha tripu mbili za tofali za kuchoma uani. Kiangazi hiki wanabomoa.