Injini ya Rota Angani: Mpira wa Kupumulia Uishie Wapi?

Kwa kuwa injini ya rota, yaani ya Wankel, haina pistoni za kupanda na kushuka, ni rahisi kudhani kwamba haihitaji kupumua. Inahitaji sana. Mazda 13B, ambayo wajenzi wa ndege za binafsi nchini Marekani wameifunga hata kwenye ndege ya RV-4, ina rota mbili za pembe tatu, na kila chumba kina sentimita za ujazo 654. Mafuta yanapowaka, gesi kidogo hupenya sili za ubavuni mwa rota, huvuka ringi za oili na kuingia tumboni mwa injini, mlemle oili inayopoza rota inamopita kurudi kwenye sampu. Gesi hiyo hubeba mvuke wa maji. Isipopewa njia, husukuma sili za shafti, na oili huanza kuvuja.

Kwenye gari, valvu na mpira mmoja vinatosha: moshi hunyonywa na manifodi ya hewa. Kuhamishia mpangilio huo kwenye ndege jinsi ulivyo ni kosa. Gari hutembea muda mwingi likiwa limekanyagwa kidogo tu, kwa hiyo manifodi huvuta kwa nguvu. Ndege husafiri throtli ikiwa karibu wazi yote. Mvuto hupungua wakati uleule gesi inapozidi. Rubani akifunga throtli ili ashuke, mvuto hurudi na kunyonya oili.

Ndiyo maana wengi huutoa mpira nje, chini ya boneti. Huko nako kuna upepo. Ndege ikienda kilomita 300 kwa saa karibu na usawa wa bahari, mdomo wa paipu uliokabili mbele husukumwa kwa takriban kilopaskali 4. Ukikatwa mshazari ukatazama nyuma, hunyonya, na ukinyonya kupita kiasi ndege hutua tumbo likiwa limepakwa oili hadi mkiani.

Hatari kubwa zaidi ni barafu. Katika hali ya hewa ya wastani, joto la nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari hushuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri kwenye futi 10,000. Mvuke huwa matone mdomoni mwa paipu, matone huganda, paipu huziba. Mafundi wa injini za pistoni walishapata dawa: hukata upenyo mdogo ubavuni mwa paipu, mahali ambapo bado imo ndani ya boneti, kwenye joto. Ncha ikiganda, gesi hutokea hapo. Ni kazi ya tupa na dakika chache, na hakuna sababu ya kuiacha.

Kopo la kutenganisha oili husaidia pia, ila likirudisha maji kwenye sampu, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Afadhali limwagwe kwa mkono.

Kupima kama njia ya kupumulia inatosha hakuhitaji gharama. Kipima mwendo wa ndege ni kipima shinikizo, hivyo huunganishwa kwenye tundu la kijiti cha oili, injini ikawashwa ndege ikiwa imefungwa chini. Sindano ikipanda kila throtli inapofunguliwa, njia ya kupumulia ni finyu.