Doktor Glas: Kitabuni, Katika Filamu na Jukwaani

Riwaya ya Hjalmar Söderberg, Doktor Glas, iliyotolewa Uswidi mwaka 1905, imeandikwa kwa mtindo wa shajara. Glas, daktari mpweke wa Stockholm, anamhurumia Helga, anayechukizwa na mumewe, Mchungaji Gregorius. Hatimaye anamwua mchungaji kwa kidonge cha sumu. Habari zote twazipata kwa kalamu ya mwuaji, aliye mshtakiwa, shahidi na hakimu wa nafsi yake. Huruma yaishia wapi, na tamaa yaanzia wapi? Msomaji huachwa na shaka hiyo.

Filamu ya Mai Zetterling ya mwaka 1968 yatuonyesha mchungaji kwa macho yetu wenyewe. Akishapata uso na sauti yake, yeye naye huwa shahidi, na shaka ile hupungua. Kinyume chake, Krister Henriksson aliigiza hadithi hii peke yake, hata London mwaka 2013. Tukabaki tena na kauli ya Glas tu. Kwa maoni yetu, jukwaa tupu limekikaribia kitabu zaidi.

Basi mwalimu anayewaongoza wanafunzi kugeuza riwaya kuwa tamthilia na aanze kwa kuuliza: nani anasimulia, na kwa nini tumwamini?